Sura ya Saba: Waliozaliwa Mwaka 2005

Aliyetaka kucheza Kombe la Dunia la Wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022 alipaswa kwanza kuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baada ya hapo. Aliyezaliwa siku moja tu kabla, hata awe fundi wa kupiga chenga kuliko wote mkoani kwake, alibaki nyumbani. Mchezaji wa timu ya wakubwa akikosa Kombe la Dunia huumia, lakini miaka minne ikipita anaweza kujaribu tena. Msichana wa miaka 17 hana hiyo bahati. Nafasi yake ikipita imepita, na hakuna rufaa.

Kwa sababu hiyo, mashindano haya tunayoyaita ya watoto huwapima watu wazima kwanza. Mtoto hawezi kujiandikisha, hawezi kujitafutia kocha, hawezi kupanga mechi za kirafiki wala kujilipia tiketi ya ndege. Yote hayo hufanywa na wengine, tena hufanywa miaka mingi kabla ya mechi yenyewe. Kipyenga kinapolia, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika, au imeshaharibika.

Kombe lenyewe

FIFA iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa umri huu nchini New Zealand mwaka 2008. Timu zilikuwa 16, na kwa muda mrefu idadi ikabaki hiyo hiyo, mashindano yakifanyika kila baada ya miaka miwili. Korea Kaskazini ilitwaa taji la kwanza kwa kuifunga Marekani 2-1 katika muda wa nyongeza. Korea Kusini ikafuata mwaka 2010 huko Trinidad na Tobago, Ufaransa mwaka 2012 huko Azerbaijan, Japani mwaka 2014 huko Costa Rica, kisha Korea Kaskazini tena mwaka 2016 huko Jordan. Hispania ilichukua mwaka 2018 nchini Uruguay na ikarudia mwaka 2022 nchini India.

Msomaji atagundua kitu katika orodha hiyo. Marekani, dola kubwa ya soka la wanawake wakubwa, haimo. Ujerumani haimo. Brazili haimo. Hakuna nchi iliyobeba kombe hili kwa ukubwa wa jina lake. Limekwenda kwa nchi zilizoamua kumchukua mtoto mapema na kumfundisha mpira kwa mpangilio.

Afrika ilianza na nafasi mbili, baadaye zikawa tatu. Ghana na Nigeria zilikuwemo tangu mwanzo. Baadaye zikaja Afrika Kusini, Gambia, Zambia na Kamerun. Ghana ilishika nafasi ya tatu mwaka 2012. Katika kikosi cha Zambia kilichokwenda Costa Rica mwaka 2014 alikuwemo Barbra Banda, msichana ambaye miaka saba baadaye angefunga mabao matatu katika mechi moja, mara mbili mfululizo, kwenye Olimpiki ya Tokyo. Afrika Mashariki ilikuwa bado inatazama kwenye runinga.

Hesabu ya miaka

Kufanya mashindano kila baada ya miaka miwili kulileta dhuluma ndogo ambayo watu wachache waliizungumzia. Tuseme kuna mtu na mdogo wake, wote wanacheza mpira. Mkubwa amezaliwa Januari 2005, mdogo Desemba 2006. Mwaka 2022 mkubwa ana miaka 17 kamili: mwili umekomaa, mapafu yana pumzi ya dakika 90, na amecheza na watu wazima mtaani. Mdogo naye anaruhusiwa kucheza, ila ana miaka 15, na mpinzani wake anaweza kumzidi karibu miaka miwili. Kocha anayetaka matokeo atamchukua mkubwa. Mdogo ataambiwa asubiri zamu yake.

Zamu hiyo haiji. Mwaka 2024, mashindano yalipofanyika Jamhuri ya Dominika, sharti lilikuwa mchezaji awe amezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2007. Mdogo wetu ameachwa kwa majuma machache. Hakukosea kitu isipokuwa kuzaliwa katika mwaka usiofaa.

Kwa waliozaliwa 2003 na 2004, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashindano yao yalipangwa kufanyika India mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ukaingia, FIFA ikasogeza tarehe hadi mwanzoni mwa 2021, na Novemba 2020 ikayafuta kabisa. India ikapewa uenyeji wa 2022 badala yake. Kwa India hasara ilifidiwa. Kwa wasichana haikufidiwa. Uganda ilikuwa imeitoa Tanzania katika mchujo mapema mwaka 2020, na mbele yake ilibaki Kamerun peke yake. Wasichana wale wa Uganda hawakutolewa na mtu. Mechi ya mwisho haikuchezwa, na walipoamka mwaka 2022 walikuwa na miaka 18 na 19.

Ugomvi wa wakubwa

Korona hailaumiwi. Lakini kuna misiba ambayo watu huitengeneza wenyewe. Agosti 2022, majuma machache kabla ya mashindano kuanza, FIFA iliifungia India. Sababu haikuwa wachezaji wala viwanja. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeunda kamati ya kusimamia shirikisho la soka, na FIFA ikaona huko ni kuingiliwa na watu wa nje. Uenyeji ukaning'inia hewani. Adhabu iliondolewa tarehe 26 Agosti, na mpira ukaanza kuchezwa tarehe 11 Oktoba.

Kenya nayo ilikuwa kifungoni mwaka huo huo. Serikali ilivunja uongozi wa shirikisho mwishoni mwa 2021 na kuweka kamati ya muda, FIFA ikajibu kwa adhabu Februari 2022, na adhabu ilidumu hadi Novemba. Katika hadithi zote mbili mtu anaweza kubishana nani alikuwa na haki. Ubishi huo una nafasi yake. Lakini kwa kiongozi wa shirikisho miezi tisa ya kifungo ni kesi. Kwa msichana wa miaka 16 ni nusu ya muda wote alionao.

Wenyeji, hatimaye, walicheza. India ilifungwa 8-0 na Marekani, 3-0 na Moroko na 5-0 na Brazili. Uwanja mzuri na taa za kisasa havikuwasaidia wasichana ambao wenzao waliwatangulia kwa miaka mingi ya mazoezi.

Safari ya Serengeti Girls

Tanzania ilifika India kupitia Kamerun, nchi iliyokuwa imeshiriki mara mbili mfululizo, 2016 na 2018. Mechi ya kwanza ilichezwa ugenini, Yaoundé, mwezi Mei 2022, na Serengeti Girls wakashinda 4-1. Waliosikia matokeo redioni walidhani mtangazaji amegeuza namba. Mechi ya marudiano ilichezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, mwanzoni mwa Juni, na ikaisha 1-0. Jumla 5-1. Hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume wala wanawake, wakubwa wala vijana, iliyokuwa imewahi kufuzu fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Waliovunja mwiko walikuwa wanafunzi wa sekondari.

Kundi lao halikuwa la kuchekea: Japani, Ufaransa na Kanada. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimewahi kubeba kombe hili. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Japani, tarehe 12 Oktoba, na ilikwenda kama wasiwasi wa wengi ulivyotabiri. Wasichana wa Japani hupiga pasi fupi na kuhama papo hapo, ukimfuata mwenye mpira unamwachia mwenzake nafasi. Bao la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Jioni ile mitandaoni walijaa wataalamu wa kusema kwamba tumekwenda kutalii.

Siku tatu baadaye wakakutana na Ufaransa, mabingwa wa 2012. Kocha Bakari Shime aliirudisha uwanjani timu iliyokuwa imeaibishwa, na katika kipindi cha kwanza Diana Mnally akafunga. Kipindi cha pili ikapatikana penalti.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka golini. Kwa mchezaji wa ligi aliyezoea, huo ni umbali wa kazi ya kila wiki. Kwa msichana aliyekulia kwenye viwanja ambavyo alama hiyo hupimwa kwa hatua za mwalimu, katika uwanja wa kigeni, kamera zikimzunguka na nchi nzima ikiwa macho, ni umbali mwingine kabisa. Kipa anaruhusiwa kurukaruka ilimradi mguu mmoja ubaki kwenye mstari wakati mpira unapigwa. Mpigaji hana wa kumsaidia. Christer Bahera alipiga, mpira ukaingia. 2-0. Ufaransa ilirudisha bao moja kupitia Lucie Calba na kulisakama lango hadi mwisho, lakini Tanzania ikatoka na ushindi wa 2-1, ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la ngazi yoyote.

Mechi ya tatu, dhidi ya Kanada, ilikuwa ya hesabu. Kanada ilitangulia kufunga, Veronica Mapunda akasawazisha, na ikaisha 1-1. Wengi walishangilia sare ile kana kwamba ilitosha yenyewe. Haikutosha. Tanzania ilikuwa na pointi nne, lakini yale mabao manne ya Japani yalikuwa bado yanaifuata: ilikuwa imefunga matatu na kufungwa sita. Kama Ufaransa ingeishinda Japani katika mechi yake ya mwisho, nayo ingefikisha pointi nne na kuipita Tanzania kwa tofauti ya mabao. Japani ikashinda 2-0. Timu iliyowachapa siku ya kwanza ndiyo iliyowafungulia njia ya robo fainali.

Safari iliishia kwa Kolombia, tarehe 22 Oktoba, kwa kipigo cha 3-0. Katika timu ile alikuwemo Linda Caicedo, ambaye mwaka uliofuata angeifunga Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la wakubwa. Kolombia ilifika fainali na kufungwa 1-0 na Hispania, kwa bao la kujifunga. Nigeria ikashika nafasi ya tatu kwa kuishinda Ujerumani kwa penalti baada ya sare ya 3-3. Kushindwa na Kolombia ile, kwa mara ya kwanza mnashiriki, si jambo la kuinamisha kichwa.

Uwanjani kwa mwalimu wa michezo

Wasichana hawa hawakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2010 Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walikwenda kwenye fainali za Afrika nchini Afrika Kusini, wakapoteza mechi zote tatu, na nyuma yao hapakuwa na ligi kuu ya wanawake ya kuwarudisha kwenye kiwango. Ligi ilianza mwaka 2016. Waliozaliwa 2005 walikuwa na miaka 11 wakati huo, umri ule ule ambao mtoto huanza kutambua kwamba mchezo wa chandimu anaoupenda unaweza kuwa na jezi, ratiba na msimamo.

Kabla ya ligi kuna shule. Anayetaka kumwona mchezaji wa kesho aende UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya, kisha UMISSETA, ile ya sekondari. Mistari ya uwanja imechorwa kwa chokaa, na upande mmoja imefutika. Goli halina nyavu, kwa hiyo kila bao la karibu na mwamba lina kesi yake. Mwalimu wa michezo ni kocha, ni mtunza jezi, ni mtu wa huduma ya kwanza, na jioni ndiye anayehakikisha wasichana wamelala salama kwenye madarasa yaliyogeuzwa mabweni. Njumu hazitoshi. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa, na winga mwenye mguu mdogo anajaza kitambaa kwenye ncha ya kiatu.

Pale ndipo mchujo wa kwanza unapofanyika, na hauhusu kipaji pekee. Kuna mzazi anayeamini kwamba mpira utamharibu mtoto wa kike. Kuna nyumba ambayo msichana akichelewa mazoezini, maji hayajatekwa na mboga haijapikwa. Na kuna karatasi. Mashindano ya umri yanataka hati ya kusafiria, na hati inataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, ambaye hakuna aliyekwenda kumsajili, anaweza kuwa beki bora wa mkoa na asijulikane rasmi kwamba yupo. Kocha anayemgundua mwezi mmoja kabla ya safari amemgundua kwa kuchelewa. Ofisi za RITA, wakala wa usajili wa vizazi, haziendi kwa kasi ya winga.

Junior Starlets

Kenya ilipotoka kifungoni haikukaa kulia. Katika mchujo wa 2024 Junior Starlets, chini ya kocha Mildred Cheche, waliitoa Ethiopia, kisha wakakutana na Burundi katika raundi ya mwisho. Burundi ililazimika kucheza mechi yake ya nyumbani Addis Ababa, ugenini ndani ya nyumbani, ikafungwa 3-0. Marudiano yakafanyika Uwanja wa Ulinzi, Nairobi, mwezi Juni, Kenya ikashinda 2-0. Kwa mara ya kwanza timu ya soka ya Kenya ikafuzu Kombe la Dunia, na kwa mara ya pili mfululizo waliofungulia nchi ya Afrika Mashariki mlango walikuwa wasichana wa chini ya miaka 17.

Jamhuri ya Dominika haikuwapokea kwa upole. Uingereza iliwafunga 2-0, Korea Kaskazini 3-0. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Meksiko, nchi yenye ligi ya wanawake inayojaza viwanja, na Kenya ikashinda 2-1. Walitoka katika hatua ya makundi, lakini hawakutoka mikono mitupu. Korea Kaskazini, iliyowafunga, ndiyo iliyobeba kombe, kwa penalti dhidi ya Hispania.

Baada ya miaka 18

Mafanikio ya kombe hili yana mtihani wa pili, na huo hauonyeshwi kwenye runinga. Msichana akifikisha miaka 18, anakwenda wapi?

Tazama Hispania. Mwaka 2014 ilifungwa na Japani katika fainali, na mmoja wa walioshindwa siku ile alikuwa Aitana Bonmatí. Hakuachwa. Kikosi kilichotwaa taji mwaka 2018 kilikuwa na kipa Cata Coll na mshambuliaji Salma Paralluelo. Wote watatu walikuwemo katika timu iliyoifunga Uingereza 1-0 mjini Sydney mwaka 2023 na kuwa mabingwa wa dunia wa wakubwa. Kati ya fainali ya watoto na fainali ya wakubwa kulikuwa na klabu, mkataba, timu ya chini ya miaka 20, daktari, na kocha aliyekumbuka jina.

Korea Kaskazini ina njia yake, ya dola kumkusanya mtoto na kumlea shuleni. Shule ya kimataifa ya soka ya Pyongyang ilifunguliwa mwaka 2013. Si mfumo ambao kila mtu angependa mwanawe akulie ndani yake. Lakini hata anayeuchukia atakubali kwamba ushindi wao haukuokotwa.

Kwetu dalili zipo. Simba Queens walimaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022. Clara Luvanga, aliyezaliwa 2005, alijiunga na Al Nassr ya Saudia na kuonyesha kwamba binti wa Kitanzania anaweza kuishi kwa miguu yake nje ya nchi. Julai 2025, Twiga Stars walirudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 15, wakifundishwa na Bakari Shime yule yule, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini iliyokuwa bingwa mtetezi. Hiyo ni ngazi inayoanza kuwa na vipago. Bado vimeachana mno. Kati ya sekondari na ligi kuu wasichana wengi hupotea, si kwa sababu wameshindwa mpira bali kwa sababu hakuna mshahara wa kumshawishi mzazi.

Na sasa kalenda yenyewe imebadilika. Kuanzia 2025 mashindano yana timu 24 na yanafanyika kila mwaka, na Moroko imepewa uenyeji wa miaka mitano mfululizo. Korea Kaskazini ilibeba taji la kwanza la mfumo huu mpya kwa kuifunga Uholanzi 3-0. Ile dhuluma ya mwaka wa kuzaliwa imepungua: mdogo aliyezaliwa Desemba 2006 angekuwa na mwaka wake mwenyewe. Afrika nayo imepata nafasi zaidi.

Lakini zawadi hiyo ina bei. Shirikisho lililozoea maandalizi ya zimamoto, la kuita kambi siku chache kabla ya mechi na kuivunja siku ya pili baada ya kutolewa, sasa litaumbuka kila mwaka badala ya kila baada ya miaka miwili. Haiwezekani tena kuwa na timu moja ya chini ya miaka 17. Inabidi ziwe tatu kwa wakati mmoja: inayocheza mwaka huu, inayofuata, na ile ambayo bado iko shule ya msingi.

Watakaocheza Moroko mwaka 2027 ni waliozaliwa kuanzia 2010. Wapo tayari, wana majina, wana walimu. Waandishi wa habari wa michezo huwauliza viongozi wa soka kuhusu mechi ya Jumamosi, na viongozi hujibu kwamba vijana wana ari na mashabiki wajitokeze kwa wingi. Waulizwe pia kuhusu hawa wa 2010: ni wangapi wameshaorodheshwa, wangapi wana vyeti vya kuzaliwa, wamecheza mechi ngapi mwaka huu, na ni klabu gani zimeahidi kuwapokea watakapofikisha miaka 18. Majibu hayo yanaweza kutolewa leo, kwa namba, bila kusubiri matokeo ya mechi yoyote.